Barua kwa Mhariri: Kufutiwa mashtaka si kuachiwa huru

Ndugu Mhariri,

Tarehe 10 Januari 2025, siku kumi kabla Donald Trump hajaapishwa kwa mara ya pili kuwa Rais wa Marekani, Jaji Juan Merchan wa New York alihitimisha kesi ya jinai iliyokuwa ikimkabili kiongozi huyo kwa amri ambayo kwa Kiingereza huitwa "unconditional discharge". Mwandishi wa habari aliyezoea kulisikia neno "discharge" katika mahakama zetu atashawishika kuandika kwamba Trump alifutiwa mashtaka, na mwenye haraka zaidi ataandika kwamba aliachiwa huru, lakini maelezo yote mawili si ya kweli. Trump alikuwa ametiwa hatiani tangu tarehe 30 Mei 2024 kwa makosa yote 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara, na siku ile ya Januari hatia hiyo haikuguswa. Kilichoamuliwa ni kwamba asifungwe, asitozwe faini wala asiwekwe chini ya uangalizi. Alikula kiapo akiwa mtu mwenye hatia asiye na adhabu, na hali hiyo iko mbali sana na ya mtu asiye na hatia.

Nimeutumia mfano huo wa mbali kwa sababu unajulikana na wengi, lakini ninayetaka kumsemea katika barua hii ni mshtakiwa wa hapa kwetu, ambaye hana msemaji wala uwezo wa kumlipa wakili, na ambaye habari yake huandikwa mara moja tu kwa mistari michache kisha ikabaki vichwani mwa majirani zake kwa miaka mingi. Nilifanya kazi ya ukarani na ukalimani mahakamani kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na kurasa zenu za mahakama huzisoma kila zinapotoka, kwa kuwa ninaamini kwamba gazeti la Kiswahili ndilo linalomfikishia mwananchi wa kawaida haki inavyotendeka. Ninachoomba ni kwamba yale maneno ya Kiingereza cha sheria ambayo ni ndugu kwa maana, lakini kila moja lina hatua yake na matokeo yake, yasimwagwe yote katika neno moja la Kiswahili, hasa kwa kuwa lugha yetu inayo maneno ya kutosha kuyatenganisha.

Nianze na jina analopewa mtu mwenyewe. Anayeshikiliwa na polisi kwa mahojiano ni mshukiwa au mtuhumiwa. Wakenya hupendelea neno la kwanza na Watanzania la pili, nayo yote yanafaa. Akishasomewa hati ya mashtaka anakuwa mshtakiwa. Kosa likithibitishwa anakuwa mtu aliyetiwa hatiani, na akipewa kifungo ndipo anapokuwa mfungwa. Kabla ya hapo, hata akilala gerezani miaka kadhaa akisubiri upelelezi ukamilike, yeye ni mahabusu. Hatua hizo Kiingereza huzitaja kwa maneno mbalimbali, nasi tunazitaja kwa maneno yetu bila kukopa hata moja la Kiingereza. Inasikitisha basi kuona kichwa cha habari kikitangaza "Majambazi wanne wanaswa" siku ambayo polisi wamewaonyesha waandishi vijana wanne ambao hata mahakamani hawajafikishwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na ibara ya 50(2)(a) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema jambo hilo hilo. Kamanda wa polisi akisema "majambazi" mbele ya waandishi, hilo ni neno lake, na gazeti likilinukuu kama neno la kamanda litakuwa limeripoti kwa uaminifu. Gazeti likilibeba na kulifanya lake, litakuwa limekwisha kutoa hukumu.

Sasa nirudi kwenye "discharge" na nduguye "acquittal", maana hapa ndipo nilipoona familia nyingi zikiumia. Katika mahakama zetu, ambazo zilirithi utaratibu wa Kiingereza, mshtakiwa anaweza kutoka kizimbani kwa njia zisizofanana. Anaweza kuachiwa huru baada ya mahakama kupima ushahidi na kuona ama kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka, ama kwamba hakuna hata kesi ya kujibu. Huyo ndiye "acquitted", na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile, ingawa upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa. Lakini anaweza pia kutoka kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka ameieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, au kwa sababu hati ya mashtaka imeondolewa. Huyo ni "discharged". Ushahidi dhidi yake haujapimwa na mahakama yoyote, na kwa kawaida sheria haizuii ashtakiwe upya kwa mambo yale yale. Kila aliyefanya kazi katika mahakama za Tanzania amemwona mshtakiwa akifutiwa kesi asubuhi na kukamatwa tena kabla hajatoka nje ya uzio wa mahakama, kisha akarudishwa kizimbani na hati mpya.

Tazama sasa kinachotokea gazeti linapoandika juu ya huyo wa pili kwamba "ameachiwa huru". Ndugu zake wanashangilia na mwajiri wake anafikiria kumrudisha kazini, kisha baada ya siku chache gazeti hilo hilo linaandika kwamba amepandishwa kizimbani. Msomaji anabaki na mawazo mawili, ama kwamba mahakama inayumba, ama kwamba mtu huyu ametoka na kurudia uhalifu, na yote mawili hayakutokea. Kinyume chake pia kina madhara yake. Mtu aliyesikilizwa mpaka mwisho na kuonekana hana hatia akiandikwa kwamba "amefutiwa mashtaka", watu watanong'ona kwamba ameponea kwenye upungufu wa karatasi. Ningependa gazeti lihifadhi maneno "ameachiwa huru" kwa yule ambaye mahakama imepima ushahidi wake au imekuta hana kesi ya kujibu, na litumie "ameondolewa mashtaka" kwa yule mwingine, likiongeza sentensi moja ya kueleza kwamba anaweza kushtakiwa tena.

Wenzetu wa Kenya walilikabili tatizo hilo ndani ya katiba yao. Ibara ya 157(8) inamzuia Mkurugenzi wa Mashtaka kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama, na ibara ya 157(7) inaagiza kwamba kesi ikiondolewa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa aachiliwe kama mtu asiye na hatia. Kwa hiyo mwandishi wa Mombasa au Nakuru anayeripoti kuondolewa kwa kesi hana budi kuuliza kesi hiyo ilikuwa imefika hatua gani, kwa sababu jibu ndilo litakalomwambia atumie neno lipi. Tena ieleweke kwamba ile maana ya New York nayo si ngeni kwetu, kwani kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinairuhusu mahakama, baada ya kuona kosa limetendeka, kumwachilia mkosaji bila adhabu, kwa masharti au bila masharti, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina kifungu kinachofanana nacho. Neno hilo moja la Kiingereza, kwa hiyo, lina kazi mbili hata katika vitabu vyetu wenyewe, na asiyejua hivyo ataandika kinyume cha kilichotokea huku akidhani ametafsiri vizuri.

Maneno mengine yanayonisumbua ni "murder" na "manslaughter". Tumezoea kusema kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na mazoea hayo yanasaidia katika kesi nyingi. Hata hivyo tofauti yenyewe haiko hasa kwenye kukusudia kuua. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwenye vifungu ambavyo mawakili wamevizoea kwa namba 195 na 196, kinachotenganisha makosa haya mawili ni kile wanachokiita nia ovu, na nia hiyo ni pana kuliko kusudi la kuua. Aliyekusudia kumjeruhi vibaya mwenzake naye akafa anaingia ndani yake, na vilevile aliyejua kwamba kitendo chake huenda kikaua lakini akaendelea nacho, hata kama hakutamani mtu afe. Mtu wa aina hiyo anaweza kutiwa hatiani kwa kosa ambalo sisi tunaliita la kukusudia, na jamaa zake wakaondoka mahakamani wakiamini kwamba ameonewa, kwa kuwa kila anayemfahamu anajua kwamba hakudhamiria kifo.

Upande wa pili ni mgumu zaidi kwa mkalimani. Mtu aliyechokozwa ghafla, akapandwa na hasira na kuua kabla hasira hiyo haijapoa, sheria inampunguzia kosa kutoka "murder" kuwa "manslaughter", japokuwa katika dakika ile yeye alitaka kabisa kuua. Mwandishi akiripoti kwamba ametiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, mjane aliyeshuhudia panga likiinuliwa mara ya tatu atauliza ni nani aliyekuwa kipofu siku ile. Sina neno moja jipya la kupendekeza, wala sidhani kwamba neno jipya ndilo dawa. Mwandishi akiongeza maneno machache tu, kwamba mahakama imeona aliua kwa hasira ya kuchokozwa na kwa hiyo kosa limeshushwa, mjane yule anaweza asikubaliane na uamuzi lakini atauelewa. Na uzito wa matokeo unadai maelezo hayo, kwa sababu kwa Tanzania kosa la kwanza hubeba adhabu ya kunyongwa hadi kufa, na la pili lina adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha lakini pia inaweza kushuka chini sana kadiri mahakama inavyoona. Kwa Kenya, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2017 kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima katika kesi za mauaji, na kwa hiyo jaji wa huko ana nafasi ya kupima ambayo mwenzake wa Tanzania hana.

Habari za nje zinapoingia, mambo huchanganyika zaidi. Derek Chauvin, polisi wa Minneapolis aliyemgandamiza George Floyd kwa goti mpaka akafa, alitiwa hatiani tarehe 20 Aprili 2021 kwa makosa matatu, mawili ya "murder" na moja la "manslaughter", na baadaye akafungwa miaka 22 na nusu. Kati ya yale mawili ya kwanza, lililo zito zaidi, kwa sheria ya Minnesota, ni la mauaji ya daraja la pili yasiyo ya kukusudia. Anayeliandika kuwa mauaji ya kukusudia kwa sababu ameona neno "murder" atakuwa ameandika kitu ambacho upande wa mashtaka wenyewe haukukidai. Naye mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alitiwa hatiani Septemba 2014 kwa kosa linalolingana na letu la kuua bila kukusudia, lakini Desemba 2015 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ililibadilisha kuwa mauaji, kwa hoja kwamba alipofyatua risasi kwenye mlango wa choo alijua kwamba yeyote aliyekuwa ndani angeweza kufa, awe mpenzi wake Reeva Steenkamp au mwizi. Kwa msomaji aliyeambiwa tu kwamba kosa la kutokusudia limegeuka kuwa la kukusudia, uamuzi huo ulionekana kama kwamba majaji wamegundua kusudi lililokuwa limefichwa. Hawakugundua lolote la namna hiyo; walisema tu kwamba kujua hatari na kuendelea kunatosha. Pistorius alipotoka gerezani tarehe 5 Januari 2024 alitoka kwa parole, yaani bado anatumikia adhabu yake akiwa nje kwa masharti, na hakuwa amesamehewa wala kumaliza kifungo. Msamaha wa Rais, parole na kumaliza kifungo ni milango mitatu tofauti ya gereza moja, na habari inayosema tu kwamba mtu "ametoka jela" haijamwambia msomaji ni upi uliofunguliwa.

Kuhusu wizi nitasema kwa ufupi. Kuchukua mali ya mtu ni wizi. Kuichukua kwa nguvu au vitisho ni unyang'anyi. Na unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa la tatu ambalo Tanzania lina kifungo kisichopungua miaka 30. Kenya hutumia maneno "wizi wa mabavu", na aina yake iliyo nzito zaidi imewekewa adhabu ya kifo. Ujambazi si kosa lililomo katika hati yoyote ya mashtaka niliyowahi kusoma. Tofauti ya kuvunja nyumba mchana na kuivunja usiku, ambayo Kiingereza huipa majina mawili na sheria huipa adhabu mbili, sisi hutamka kwa kuongeza tu neno "usiku", na neno hilo lisiachwe kwa ajili ya kubana nafasi.

Dhamana inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa msomaji huchukua hatua kutokana na alichosoma. Kiingereza cha mahakamani hutenganisha "bail" na "bond", na gazeti la Kiswahili mara nyingi huyaita yote dhamana. Tuseme mahakama imeamuru mshtakiwa awe na wadhamini wawili, kila mmoja asaini hati ya dhamana ya Sh milioni 5. Hakuna aliyeambiwa alete fedha. Wadhamini wanaahidi kwa saini zao kwamba mshtakiwa akitoroka watawajibika kwa kiasi hicho. Gazeti likiandika kwamba mshtakiwa "ametakiwa kulipa dhamana ya Sh milioni 10", shangazi yake aliye kijijini atauza ng'ombe, au, jambo ambalo ni baya zaidi, atakata tamaa na kumwacha kijana akae rumande kwa kesi ambayo alipaswa kuisubiri nyumbani. Wapo pia matapeli ambao huishi kwa kutegemea mkanganyiko huo, wakikusanya fedha za ndugu kwenye viunga vya mahakama. Magazeti ya Kenya yamefanya vizuri kiasi katika hili, kwa kuwa huandika kwamba mtu ameachiliwa kwa dhamana ya kiasi fulani pesa taslimu au bondi ya kiasi kingine, na msomaji anajua kwamba kimoja ni fedha za kuweka mezani na kingine ni ahadi yenye mdhamini.

Kwa suala hilo hilo, msomaji aambiwe kama kosa lina dhamana au halina. Tanzania yapo makosa ambayo sheria imeyaondolea dhamana moja kwa moja, yakiwamo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, wakati ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana mpaka pawepo sababu nzito za kumnyima. "Amenyimwa dhamana" na "kosa lake halina dhamana" ni habari mbili. Ya kwanza inasema kwamba hakimu amepima na kukataa. Katika ya pili hakimu hakuwa na la kupima.

Tukija kwenye mwisho wa kesi, neno "hukumu" limebebeshwa mizigo mingi mno. Hukumu ni uamuzi wa mahakama pamoja na sababu zake. Kutiwa hatiani ni sehemu yake, na adhabu hufuata. Kwa Trump kati ya kutiwa hatiani na adhabu ilipita zaidi ya miezi saba, na katika muda huo kuandika kwamba "amehukumiwa" kulimfanya msomaji aulize amehukumiwa miaka mingapi, wakati jibu lilikuwa bado halijatolewa. Kwetu hatua hizo hupishana kwa dakika chache, ndiyo maana hatukuona haja ya kuzitenganisha, lakini mtu akikata rufaa haja hiyo hujitokeza mara moja: anaweza kupinga kutiwa hatiani, anaweza kukubali kosa na kupinga ukubwa wa adhabu, na Mahakama ya Rufani inaweza kuacha hatia ikasimama huku ikipunguza miaka. "Ashinda rufaa" hakutoshi kutueleza alichoshinda. Uamuzi mdogo unaotolewa katikati ya kesi, kwa mfano wa kukubali au kukataa kielelezo, nao usiitwe hukumu, maana aliye mbali atadhani kesi imekwisha.

Hapo hapo nataja vifungo vinavyokwenda pamoja. Mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa mawili na kupewa miaka 30 kwa kila kosa, adhabu zikiamriwa kwenda kwa pamoja, atatumikia miaka 30. Kichwa cha habari kinachosema "Afungwa miaka 60" kinavutia macho, lakini miaka mingine 30 imetoka kwa mwandishi, si kwa hakimu. Faini na fidia pia zisichanganywe: faini huenda serikalini, fidia humwendea aliyeathirika, na mama aliyejeruhiwa ana haki ya kujua kama Sh milioni 2 zilizotajwa mahakamani ni zake au si zake.

Majina ya mahakama yenyewe yanahitaji uangalifu huo huo. Mahakama Kuu kwa Tanzania, Kenya na Uganda si ya juu kabisa. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani kwa Tanzania, na kwa Kenya na Uganda kuna Mahakama ya Juu iliyo juu ya Mahakama ya Rufaa. Kuiita mahakama ya juu ya Marekani iliyoko Washington kuwa Mahakama Kuu kunamfanya msomaji wetu adhani kwamba bado kuna ngazi nyingine ya kukimbilia. Jimbo la New York linaongeza ugumu, kwa sababu mahakama yake iitwayo "Supreme Court", ambamo Trump alishtakiwa, ni ya kuanzia kesi, na iliyo juu kabisa katika jimbo hilo huitwa ya rufani. Hapo tafsiri ya neno kwa neno inapotosha kabisa, na ni afadhali kuandika tu kwamba ni mahakama ya jimbo inayosikiliza kesi kwa mara ya kwanza. Watu 12 waliomtia Trump hatiani nao hawakuwa jopo la majaji, kama baadhi ya waandishi wanavyopenda kutafsiri, wala hawakuwa wazee wa baraza. Wazee wa baraza katika Mahakama Kuu zetu walitoa maoni ambayo jaji hakulazimika kuyafuata. Wale 12 ni raia wa kawaida walioteuliwa kuamua hatia, na kazi ya jaji ilikuwa kuwaongoza kwa sheria na, baadaye, kutoa adhabu.

Sisemi kwamba waandishi wetu hawajui kazi. Kuna mahali ambapo Kiswahili cha mahakamani kimepiga hatua nzuri na magazeti yameifuata: kila msomaji anajua kwamba kesi "kutajwa" si kesi "kusikilizwa", na hasafiri na mashahidi siku ya kutajwa. Ipo pia ile sentensi maarufu isemayo kwamba mshtakiwa wa mauaji hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Ni sentensi sahihi kabisa, na inamlinda mshtakiwa, kwa sababu bila hiyo ukimya wake ungechukuliwa kuwa kukiri. Ningefurahi kama na maneno "ana kesi ya kujibu" yangeandamana na maelezo ya namna hiyo, kwa kuwa wengi huyasoma kana kwamba mahakama imekwisha kumwona mtu ana hatia, ilhali maana yake ni kwamba sasa ni zamu yake kujitetea.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Mahakama za Mwanzo za Tanzania zimetumia Kiswahili siku zote, lakini ngazi za juu ziliandika kwa Kiingereza hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, alikuwa amekwisha kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na Rais John Magufuli alimsifu hadharani mjini Dodoma Februari 2021. Tangu hapo majaji, mawakili na wakalimani wanatafuta maneno, na maneno ambayo wananchi watayakubali ni yale watakayoyazoea kwa kuyasoma katika magazeti. Msamiati mtakaoulegeza ninyi leo ndio utakaoingia kesho kwenye hati za mashtaka.

Ninaomba basi, Ndugu Mhariri, wahariri wenu wasaidizi wawe na karatasi moja ya matumizi iliyokubaliwa, itakayotenganisha angalau kuachiwa huru na kuondolewa mashtaka, kutiwa hatiani na kupewa adhabu, dhamana ya fedha na dhamana ya ahadi, na ipitiwe na mtu wa mahakamani pamoja na mtaalamu wa Baraza la Kiswahili la Taifa kabla haijaanza kutumika. Kila habari ya mahakama iseme kesi iko hatua gani na itarudi lini. Na mtu ambaye kukamatwa kwake kuliwekwa ukurasa wa kwanza, akija kuachiwa huru, habari hiyo nayo iwekwe ukurasa wa kwanza, kwa jina lile lile na herufi za ukubwa ule ule.

Wenu,
Karani na mkalimani mstaafu wa mahakama,
Tanga